Jambazi ‘maarufu’ au ‘sugu’? Safari ya neno ‘notorious’

MAMA mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha nje ya duka majuzi, mkononi ana ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne. Kijana wake alikuwa amepigwa risasi akafa, na gazeti lilikuwa limemwita ‘jambazi sugu’.

“Mwalimu, wewe ndiwe mtu wa Kiswahili hapa,” akaniambia. “Hebu niambie, sugu ni nini? Huyu mtoto hajawahi kufungwa hata siku moja.”

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimpa pole, nikaenda nyumbani kutafuta taarifa ya Kiingereza ambayo habari ile ilitokana nayo. Humo hamkuwa na ‘sugu’. Mlikuwa na ‘notorious’.

Neno hili lilitokana na Kilatini cha zama za kati, notorius, na mzizi wake ni notus, yaani kilichojulikana. Basi. Halikuwa na ubaya wowote ndani yake. Lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 16, bado lingeweza kutajwa kuhusu jambo lolote lililo wazi kwa watu wote. Lakini maneno nayo huambukizwa na jirani zake. Katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549, neno hili limekaa ubavuni mwa ‘wenye dhambi’: watu ambao dhambi yao haikuwa siri tena, wakatakiwa watubu hadharani. Likazoea kukaa na wezi, walevi na waongo, na kufikia karne ya 17 likawa linanuka kama wao.

Ajabu ni kwamba Kiarabu kilishika njia ya kinyume. ‘Maarufu’ yetu inatoka katika maaruf, na maana yake ya asili ni ile ile: kilichojulikana. Ila katika lugha ya Qurani, maaruf ni wema wenyewe, ule ambao masheikh wetu wa Lamu na Mombasa hutuhimiza tuuamrishe huku tukikataza maovu. Mzizi wa kujulikana, huku ukazaa wema, kule ukazaa uovu. Ndiyo maana ‘jambazi maarufu’ hukwaruza masikio ya wengi, nikiwemo mimi, ijapokuwa siwezi kusema ni kosa la sarufi. Linasikika kana kwamba tunamtunuku marehemu nishani. ‘Mashuhuri’ nalo lina shida hiyo hiyo. Wahariri wakalikwepa tope hilo, wakakimbilia ‘sugu’.

Sasa sugu ni nini hasa? Ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara: kiganja cha mkulima kwa sababu ya mpini wa jembe, au paji la uso la mtu anayesujudu sana. Kutokana na hapo tukapata ugonjwa sugu, tatizo sugu na mkosaji sugu. Utaona kwamba neno hili halisemi lolote kuhusu kujulikana. Linasema mazoea. Mwizi anaweza kuwa sugu na majirani wasijue hata jina lake, na mwingine akatenda kosa moja tu likavuma nchi nzima. ‘Aliyekubuhu’, neno wanalolipenda watangazaji wa redio, lina mzigo huo huo.

Kwa hiyo afisa anayesema ‘notorious’ anadai kwamba watu wanamjua fulani kwa ubaya. Mwandishi anayeandika ‘sugu’ anadai kwamba fulani ametenda uhalifu tena na tena. Nani alihesabu?

Ukidhani huu ni ubishi wa wanakamusi tu, turudi Ulaya ya karne ya 12 na ya 13. Katika mahakama za Kanisa, notorium ilikuwa istilahi ya sheria. Kosa lililojulikana na kila mtu halikuhitaji mshtaki wala shahidi, na wapo wanasheria waliofundisha kwamba hapo hata utaratibu wa kesi unaweza kuachwa. Ni ‘lisemwalo lipo’ iliyovishwa joho la hakimu. Fundisho hilo lilibishaniwa sana. Karibu na mwaka 1300, kardinali Mfaransa aitwaye Johannes Monachus, aliyefariki mwaka 1313, alirejelea kisa cha Adamu. Mungu aliona kila kitu, lakini alimwita Adamu kwanza, akamuuliza yuko wapi, akamsikiliza ndipo akamhukumu. Ikiwa Mungu alifanya hivyo, papa atatoa wapi ruhusa ya kumhukumu mtu ambaye hakuitwa? (Huyu ni Papa wa Roma, wa baharini anakuja.) Ni katika maandishi hayo hayo alipoeleza kwamba kila mtu huchukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wazo hilo limo katika Kifungu cha 50 cha Katiba yetu ya 2010.

Maana ya zamani ya neno hili haijafa, na iko papa hapa Kenya. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ushahidi kinaorodhesha mambo ambayo mahakama huyakubali bila kudai ushahidi, yakiwemo yanayofahamika na umma au na watu wa mahali fulani, na Kiingereza chake kinatumia ‘notoriety’. Hakuna uovu unaotajwa hapo. Mkalimani akimsikia hakimu akisema jambo fulani ni ‘notorious’, kisha akalitafsiri kuwa ‘lenye sifa mbaya’, amepotosha kesi. Huko Marekani nako vijana wamelitia neno hili sukari: mwanamuziki Christopher Wallace alilibeba jukwaani, kisha mashabiki wakambandika jaji Ruth Bader Ginsburg, ajuza wa Mahakama ya Juu, jina la mfano huo kwa mapenzi tu.

Je, Kiswahili hakina neno lake? Kina kitenzi ‘vuma’. Ngoma huvuma, upepo huvuma, mtu naye huvuma kwa mema au kwa mabaya. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Wahenga hawakukataa kwamba papa ana jina. Walitukumbusha kwamba jina ni la mmoja ilhali meno ni ya wengi. ‘Aliyevuma kwa ujambazi’ imekaribia ‘notorious’ kuliko ‘sugu’, kwa kuwa inasimulia uvumi bila kuhesabu makosa. Hata hivyo, kwa mtu ambaye hakuwahi kusimama kizimbani, bado ingefaa tuseme ni nani aliyeuvumisha.

Nilimpigia simu rafiki yangu anayehariri habari, si wa gazeti lile, nikampendekezea ‘mtu ambaye polisi wanasema walikuwa wakimtafuta kwa wizi’. Akacheka. “Mwalimu, hiyo itaingia wapi kwa kichwa cha habari? Sugu ni herufi nne.”