Maradhi ya Gari la Zamani na Hewa ya Mlimani

Ukitoka Nchiru ukapita Meru mjini, kisha ukashika barabara ya Timau iendayo Nanyuki, utapanda hadi nchi iliyo juu kuliko mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mtu hapo huhema upesi, na gari la zamani huhema naye. Nataka kukueleza, msomaji, jinsi injini ya gari la namna hiyo inavyopimwa ikitetemeka na kupungukiwa nguvu. Maana maradhi ya injini na udhaifu uletwao na mlima hufanana sana, na asiyeweza kuyatenga hununua vipuri asivyovihitaji.

Mahali pa kujifunza jambo hili palikuwa mashindano ya magari yaliyoanza mwaka wa 1953, katika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka wa 1960 yaliitwa East African Safari Rally. Magari yalitolewa katika joto la nchi za chini yakapandishwa katika baridi ya miinuko, leo vumbi, kesho matope. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari la michezo, Datsun 240Z. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa gari la aina iyo hiyo. Lakini alama zake za adhabu zililingana na za Harry Källström, hata ikabidi kutazamwa ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Fikiri basi thamani ya dakika moja tu iliyopotezwa na injini inayokohoa!

Injini ya gari hilo ina silinda sita katika mstari mmoja, na yale yaliyouzwa kwa watu yalikuwa na kabureta mbili. Kabureta huchanganya petroli na hewa. Nayo huikadiria hewa kwa ujazo wake, haijui uzito wake. Katika mita 2,000 hewa imepungua karibu sehemu moja kwa tano. Kwa hiyo nguvu hupungua kiasi kicho hicho, na petroli iliyopimwa vema Mombasa huwa nyingi mno Timau. Moshi huwa mweusi, na injini hutetemeka gari likisimama. Hapo hakuna kilichovunjika.

Basi fundi mwenye busara haanzi kwa bisibisi. Huzima injini iliyotoka kufanya kazi, akafungua plagi zote sita na kuzipanga kwa utaratibu wa silinda zake. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu imelishwa petroli kupita kiasi. Nyeupe imekosa petroli, au hewa inapenya mahali isipotakiwa. Yenye mafuta mabichi yaonyesha kwamba oili inapanda katika silinda. Tazama sasa: zikiwa nyeusi zote sita, shtaki mwinuko, au kichujio cha hewa kilichozibwa na vumbi. Zikiwa nyeusi tatu za upande mmoja, shtaki kabureta ya upande huo. Ikiwa ni moja peke yake, waya wake, vali yake au pistoni yake ndiyo ya kuchunguzwa. Sijui somo lililo bora kuliko hili la kuonyesha maana ya ushahidi, na halihitaji chombo ila spana.

Kulinganisha kabureta mbili nako kulifanywa kwa sikio. Fundi alishika bomba jembamba la mpira, ncha moja sikioni, nyingine katika mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa hewa. Kisha akahamia ya pili, akarekebisha mpaka mivumo ikafanana. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayopima hewa na kutaja kosa kwa tarakimu, na simlaumu anayeipenda. Lakini Datsun ya mwaka wa 1971 haina wa kuisemea.

Kuna ugonjwa mmoja unaowapotosha wengi. Injini hutetemeka gari likisimama, lakini likienda mbio hutulia. Aghalabu hewa inapenya katika gasketi iliyo kati ya kabureta na injini: injini ikienda polepole hewa hiyo kidogo ni nyingi, ikienda kasi haina uzito. Kinyume chake, gari linalotulia likisimama na kufa nguvu mlimani laweza kuwa na kichujio cha petroli kilichoziba, au pampu iliyochoka.

Na ukiwa bado una shaka juu ya mlima, usiguse kitu: teremka mpaka Isiolo, yapata mita 1,100. Nguvu zikirudi na moshi ukisafika, ilikuwa hewa. Zisiporudi, fungua plagi.