Saratani ya umio

Saratani ya umio (pia: kansa ya umio) ni ugonjwa unaotokea pale seli za umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, zinapogawanyika bila kudhibitiwa.

Kwa kawaida seli hugawanyika ili kuchukua nafasi ya zilizokufa. Jeni nyingine huchochea mgawanyiko, nyingine huuzuia. Jeni ya TP53 hutengeneza protini inayosimamisha mgawanyiko pale DNA inapoharibika, ili irekebishwe au seli hiyo ife. Jeni hiyo yenyewe ikiharibika, seli zenye kasoro huendelea kuzaliana. Kasoro hujilimbikiza kwa miaka mingi hadi uvimbe kutokea.

Ugonjwa huu umeenea katika ukanda unaopita Ethiopia, Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu huanza kunywa chai ikiwa na joto la wastani wa zaidi ya sentigredi 70. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa vinywaji vyenye joto linalozidi sentigredi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Kinachotiliwa shaka ni joto, si chai yenyewe: umio ukiungua mara kwa mara, seli hulazimika kugawanyika zaidi. Tumbaku na pombe pia huongeza hatari.

Dalili huchelewa kuonekana. Mgonjwa hushindwa kumeza vyakula vigumu, baadaye hata uji, na hukonda. Anayehisi chakula kinakwama apimwe hospitalini mapema. Chai iachwe ipoe kidogo kabla ya kunywewa.