Drafti Iliyogeuka Karo

Msichana wa Gatwekera, mtaa wa Kibera, Nairobi, anayejiandaa kwa sekondari hupewa mengi ya kuchagua siku hizi. Chini ya mtaala mpya, akiwa Gredi ya 9 anateua mkondo wa masomo na kupendekeza shule. Asichochagua ni sketi. Hiyo huja imeandikwa kwenye orodha ya mahitaji: ya marinda, ya drafti, rangi hizi na si zile, mara nyingine na jina la duka chini yake. Sina ugomvi na sare yenyewe. Ninachotilia shaka ni ile drafti inayofanya sketi ya shule moja isifae shule ya pili. Wengi huiona kama mila ya kale ya elimu bora, na ndiyo maana hakuna anayeihoji. Historia yake ni fupi kuliko tunavyodhani, na ina harufu ya biashara.

Tuanzie Scotland, kwenye kilti, ile sketi ya drafti ya wanaume wa huko. Mwaka 1746, baada ya waasi wa huko kushindwa vitani Culloden, bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu. Aliyekamatwa nayo alifungwa miezi 6, na akirudia alihamishwa ng'ambo kwa miaka 7. Waliosazwa ni askari wa mfalme, kwa hiyo kilti iliponea jeshini, yaani ilikaa ndani ya sare. Marufuku yaliondolewa mwaka 1782. Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, katika sherehe iliyopangwa na mwandishi Walter Scott, kila mwenye jina alitaka drafti ya ukoo wake. Wafumaji wa kampuni ya Wilson, Bannockburn, walikuwa tayari na mitindo chungu nzima, mingine ikijulikana kwa namba tu. Namba zikapewa majina ya koo, na kijana aliyechagua kilti yake ya kwanza akaamini anavaa urithi wa mababu, kumbe sehemu kubwa ya urithi huo ilikuwa bidhaa ya dukani.

Ni rahisi kudhani kwamba wamisionari wa Kiskoti, walioweka kituo Kikuyu mwaka 1898, ndio waliotuletea drafti pamoja na Biblia. Lakini shule ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926 na muungano wa makanisa likiwemo lile la Scotland, iliwavalisha wavulana kaptura na shati za kaki. Kaki ilikuwa ya bei nafuu na ngumu kuraruka, na iliwafananisha wote. Drafti ya kila shule ni fahari iliyokuja baadaye, shule zilipoongezeka na kila moja ikataka itambulike barabarani. Hata hivyo gharama ya sare ilijificha nyuma ya karo hadi Januari 2003, serikali ya muungano wa NARC ilipofuta karo ya shule za msingi na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata Kimani Maruge, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza Eldoret akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu. Dunia ilitabasamu kwa picha zile. Mimi naona pia kwamba hata mzee wa umri huo alijua asingepita langoni bila sare. Karo ilitoka, nguo ikabaki pale pale.

Kwamba nguo humzuia mtoto kusoma si maneno ya vijiweni. Wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 328 za magharibi mwa Kenya kuanzia 2003. Kwenye shule ambako wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure, wasichana walioacha masomo katika miaka 3 walipungua kutoka asilimia 19 hadi 16, na waliopata mimba kutoka 16 hadi 13. Kwa kitambaa tu! Msomaji makini atanikumbusha utafiti wa David Evans na Mũthoni Ngatia, ambao uligundua kwamba utoro ulipungua baada ya watoto kupewa sare, lakini miaka 8 baadaye hakukuwa na tofauti katika madarasa waliyofikia. Pingamizi hilo lina uzito. Ila mimi nalisoma hivi: mtoto hukua, sare haikui. Msaada wa mara moja huisha pindo linapoisha, na hapo ndipo aina ya kitambaa inapokuwa na maana.

Muulize fundi yeyote wa cherehani. Sketi ya marinda kamili hula kitambaa karibu mara tatu ya mzunguko wa nyonga. Kikiwa cha rangi moja, fundi hukata apendavyo na vipande vinavyobaki hupata kazi. Kikiwa cha drafti, lazima mistari ikutane kwenye mshono na irudi sawasawa kwenye kila rinda, la sivyo sketi inaonekana imepinda, na kila kuoanisha kunapoteza kitambaa. Msichana akinenepa mwaka wa pili, kiraka cha kiunoni hakina budi kitoke kwenye drafti ile ile, inayouzwa duka lile lile. Sketi ya kijivu inaweza kurithiwa na binamu wa shule nyingine au kununuliwa mtumba soko la Toi. Ya drafti hufa na shule yake.

Kuna wanaosema sare huficha umaskini. Kweli, lakini kijivu huuficha vilevile, na kwa bei ambayo wengi zaidi wanaimudu. Wengine wanasema humlinda mtoto kwa kumtambulisha vichochoroni. Beji ya kushonea kifuani inatosha kwa kazi hiyo. Hoja inayonigusa zaidi ni ya ajira, kwamba sare inalisha mafundi. Ingewalisha kweli kama kitambaa kingepatikana popote, kwa sababu mzazi angempelekea fundi wa jirani badala ya kutumwa kwa muuzaji aliyeteuliwa. Wahitimu wanaolilia fahari ya rangi zao nao wana haki yao. Basi drafti ihamie kwenye tai, ambayo haihitaji kuongezwa kiuno wala kushushwa pindo, na bodi za shule ziache sketi iwe ya kijivu au buluu, ya fundi yeyote.