Fundi wa laini za stima: Anachofunzwa kabla ya kupanda mlingoti

UMEME hauonekani wala haunuki. Waya wenye volti 11,000 na waya uliokatiwa umeme hufanana kama shilingi kwa ya pili, na jicho la binadamu haliwezi kuzitofautisha. Juu ya ukweli huo ndipo yamejengwa mafunzo yote ya fundi wa laini za stima, yaani yule anayesimika milingoti, kuvuta nyaya, kufunga transfoma na kurejesha stima inapopotea usiku wa mvua.

Fundi huyu ni tofauti na yule anayetandaza nyaya ndani ya nyumba. Wa nyumbani hushughulika na volti 240. Wa laini hufanya kazi katika mtandao wa usambazaji, ambao nchini Kenya hubeba volti 11,000 na 33,000 kabla ya transfoma kuzishusha hadi 415 na 240. Juu ya hizo kuna laini kuu za volti 132,000, 220,000 na 400,000, ambazo huhitaji ujuzi wa ziada.

Kujiunga na masomo

Njia ya kawaida huanza baada ya Kidato cha Nne. Katika vyuo vya kiufundi, anayetaka stashahada huhitaji alama ya wastani ya C- katika mtihani wa KCSE, na anayetaka cheti cha ufundi huhitaji D. Walio chini ya hapo huanzia ngazi ya fundi stadi na kupanda hatua kwa hatua.

Taasisi inayofungamana zaidi na kazi hii ni ile ya Mafunzo na Utafiti wa Kawi (IESR) iliyoko Ruaraka, Nairobi. Inamilikiwa na kampuni ya Kenya Power, na zamani ilijulikana kama Kenya Power Training School. Vyuo vingine vya kiufundi hufunza umeme kwa jumla, na mwanafunzi hupata ujuzi wa laini anapopelekwa nyanjani kwa mafunzo ya kazi.

Kwa wale waliojifunzia kazini bila kupitia darasani, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huandaa majaribio ya ufundi ya Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza.

Darasani

Somo la kwanza ni hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo humwonyesha mwanafunzi ukubwa wa hatari. Balbu ya wati 60 katika volti 240 hutumia mkondo wa miliampea 250. Mkondo wa takriban miliampea 10 tu waweza kukaza misuli ya mkono, mtu akashindwa kuuachilia waya aliougusa. Kati ya miliampea 50 na 100 zikipita kifuani, mapigo ya moyo yaweza kuvurugika na mtu akafa. Hivyo basi, mkondo unaoangaza chumba kimoja unatosha kumuua mtu, hata kabla ya kuzungumzia volti 11,000.

Uwanjani

Baada ya darasa hufuata uwanja wa mazoezi, wenye milingoti isiyo na umeme. Mwanafunzi hufunzwa kuchimba shimo na kusimika mlingoti. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kufukia sehemu ya kumi ya urefu wake na kuongeza sentimita 60. Kwa hiyo mlingoti wa mita 10 huingia ardhini mita 1.6.

Kabla ya kuupanda mlingoti wa mti, sharti aukague. Milingoti ya mikaratusi hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, lakini dawa haidumu milele. Fundi huugonga kwa nyundo na kusikiliza: mti mzima hutoa mlio mkali, uliooza ndani hutoa mlio uliofifia. Kisha hudunga kwa chuma chenye ncha pale mti unapokutana na udongo, kwa kuwa hapo ndipo kuoza huanzia mara nyingi.

Glavu za mpira nazo hukaguliwa kila zinapovaliwa. Fundi huikunja glavu kuanzia kwenye mkono wake ili hewa inaswe ndani, huibana, kisha husikiliza kama inavuja. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuifanya glavu isifae. Juu ya mpira huvaliwa glavu za ngozi ili mpira usichanike.

Hatua tano za uhai

Kiini cha mafunzo ni kanuni isemayo kuwa laini ina umeme hadi ithibitishwe kuwa haina. Uthibitisho huo una hatua tano ambazo hazirukwi wala kubadilishana nafasi.

Kwanza, umeme hukatwa katika kila upande unakoweza kutokea. Pili, swichi hutiwa kufuli na kibao cha onyo, na aliyeifunga ndiye huifungua. Tatu, laini hupimwa. Kipimo chenyewe hujaribiwa kwanza mahali panapojulikana kuwa na umeme, na hujaribiwa tena baadaye, kwani kipimo kibovu husema uongo. Nne, nyaya zote huunganishwa pamoja na kufungwa ardhini, pande zote mbili za mahali pa kazi. Tano, hutolewa kibali cha maandishi, na hapo ndipo kazi huanza.

Wanafunzi wengi huuliza kwa nini laini iliyokwisha kupimwa ifungwe tena ardhini. Jibu liko kwa transfoma, ambayo hufanya kazi kwenda mbele na kurudi nyuma. Stima inapopotea sokoni, mwenye duka la nyama huwasha jenereta. Iwapo ameiunganisha bila swichi ya kutenganisha, volti 240 huingia kwenye transfoma kwa mlango wa nyuma na kutokea upande wa pili zikiwa 11,000. Fundi aliyeko juu ya mlingoti, anayejua kwamba kituo kimezimwa, hugusa waya ulio hai. Mitambo ya sola iliyofungwa vibaya na nyaya zilizounganishwa kiharamu huleta hatari iyo hiyo. Waya wa ardhini ndio ngao yake.

Kumwokoa mwenzake

Hakuna anayepanda mlingoti peke yake. Mwanafunzi hujifunza kumshusha mwenzake aliyezirai kwa kamba, akitumia sanamu lenye uzito wa mtu mzima. Hufunzwa pia kutomgusa aliyenaswa kabla ya umeme kukatwa, na kwamba kijiti kikavu, ambacho wengi hukiamini, si kinga mbele ya volti nyingi. Kisha hujifunza kukandamiza kifua cha aliyesimama moyo, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi mafunzo na vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka uo huo huweka fidia ya mishahara ya miezi 96 kwa mfanyakazi anayefariki kutokana na ajali ya kazini. Ni miaka minane ya mshahara kwa maisha ya mtu.

Tangu 2015, mradi wa kuunganishia wananchi umeme, Last Mile, uliongeza sana kazi za laini mashinani. Kazi inapoharakishwa, kibarua aliyeajiriwa kuchimba mashimo aweza kuambiwa apande mlingoti bila kufunzwa lolote. Hapo haraka haina baraka, na kijana ana haki ya kukataa.

Ya kuuliza kabla ya kulipa karo

Mzazi anayempeleka mwanawe kusomea kazi hii yafaa aulize kama chuo kimesajiliwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi (TVETA), cheti chake hutahiniwa na nani, na mafunzo ya nyanjani hufanyiwa wapi. La mwisho ni kuomba kuuona uwanja wa mazoezi. Chuo kisicho na hata mlingoti mmoja hakiwezi kumfunza mtu kuupanda.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Fundi wa laini hufunzwa kwamba ajali nyingi za kazi yake zina kinga, na kwamba kinga hiyo ni hatua tano zinazofuatwa kila siku, hata siku ambayo kiza kimetanda, wateja wanapiga simu na msimamizi anahimiza stima irejee upesi.