Ndege ya Mboya Ilitua. Halafu?

Mwezi jana binamu yangu alihamia Minnesota. Tulichanga pesa za tiketi, tukamsindikiza JKIA na matatu mbili zimejaa watu, shosho akamwombea hapo kwenye maegesho mpaka askari akatuambia tusonge. Tangu siku hiyo grupu ya WhatsApp ya familia ina maswali mawili tu: picha ziko wapi, na ameanza kazi?

Tabia hii ya kumchangia mtu aende majuu, halafu akishatua tunadhani kazi imeisha, tumekuwa nayo kitambo.

Shuleni tulifunzwa hivi: Septemba 1959, Tom Mboya alipeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege ya kukodi. Kufikia 1963 wakawa karibu 800, Wakenya na majirani. Mwalimu akafunga kitabu, kengele ikalia.

Sababu ya safari zenyewe si ngumu. Mkoloni hakuwa na haraka ya kumpa Mwafrika digrii, na Makerere nafasi zilikuwa za kuhesabu. Vyuo vya Marekani vilikubali kuwachukua, lakini nauli ilitoka wapi? Mboya alizunguka Marekani akihutubia watu. Jackie Robinson, yule wa besiboli, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakatia sahihi barua ya kuomba michango. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Huku nyumbani nako vijiji vikachanga.

Hapo ndipo hadithi yetu hukatika. Mimi naona hapo ndipo ilikuwa inaanza.

Chukua Wangari Maathai. Mwaka 1960 alikuwa na miaka 20, msichana wa Nyeri aliyesomea Loreto Limuru. Kutoka New York akapanda basi kwenda Atchison, mji mdogo wa Kansas kando ya mto Missouri. Njiani, huko Indiana, yeye na wenzake wakaingia mkahawani kununua kitu baridi. Wakaambiwa soda watauziwa, lakini wakanywee nje, kwa sababu ni weusi. Ameyaeleza mwenyewe katika Unbowed, kitabu cha maisha yake. Manze, hebu fikiria. Umetoka kwa mkoloni, kijiji kizima kimekushangilia, na hata chuo hujafika bado.

Wenzake wengine wa safari hizo walipata chuo Little Rock, Arkansas. Huo ni mji ambao mwaka 1957 wanajeshi waliitwa kusindikiza watoto tisa weusi waingie shule ya upili. Tisa. Halafu wewe, mgeni, huko ndiko umeenda kupanga maisha.

Sasa Wangari alikaaje Kansas miaka minne? Chuo kilikuwa cha masista Wabenedikti, wasichana watupu. Kurudi nyumbani likizo haikuwezekana, nani angelipa? Lakini kulikuwa na msichana mwingine Mkenya hapo hapo chuoni, mtu wa kuongea naye lugha ya nyumbani. Kulikuwa na masista waliomchukua kama mtoto wao, na marafiki waliompeleka kwao sikukuu zikifika. Wakina Kennedy tunawataja kwa sababu walilipa ndege. Mama aliyeongeza sahani moja mezani kwa ajili ya mgeni kutoka Kenya, huyo hayuko kwenye mtihani. (Na msiniambie Wangari alikuwa jasiri tu. Alikuwa, lakini ujasiri hauliwi Krismasi.)

Kurudi nako kulikuwa kuhama kwingine, na hiyo pia hatuambiwi. Alirudi Januari 1966 na digrii mbili. Kule walikuwa wamemzoea kama Mary Jo. Hapa akaamua kuwa Wangari Muta. Alikuwa na barua ya kazi kutoka chuo kikuu Nairobi. Alipofika kuripoti, akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Nyumbani kwao, wasee.

Basi Jumapili nikampigia binamu. Sikuuliza picha wala kazi. Nikamuuliza, jioni unakula na nani?

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umepotea. Halafu akaniambia wiki mbili za kwanza alikuwa anakula mkate akiwa kitandani, na alikuwa anatuambia yuko sawa kwa sababu anajua tulichanga. Siku moja akakutana na mama mmoja wa Kisii kwenye ngazi, anaishi ghorofa ya chini. Sasa kila Jumamosi mama huyo humwachia sufuria ya sukuma mlangoni. Jina lake kamili halijui, anamwita tu Mama Kevo.

Nikamwambia anitumie picha ya sufuria. Hiyo ndiyo nimeiweka kwenye grupu.