Usimamizi wa Mali ya Mtu Asiyeweza Kuamua Mwenyewe: Sheria ya Kenya Inavyoelekeza

Mzazi anapopoteza kumbukumbu, au mtu anapougua akili kiasi cha kushindwa kuendesha mambo yake, benki haitoi fedha zake kwa jamaa, na shamba lake haliwezi kukodishwa bila sahihi yake. Wengi hudhani kwamba undugu unatosha. Kisheria, hautoshi.

Nchini Kenya, mamlaka hayo hutolewa na mahakama chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Mahakama yaweza kumteua msimamizi wa mali ya mgonjwa, na pia mlezi wa kumtunza mgonjwa mwenyewe. Ombi huwasilishwa pamoja na hati ya kiapo inayoeleza sababu zake, mali ya mgonjwa na jamaa zake. Ripoti ya daktari ni ushahidi muhimu.

Msimamizi hawi mmiliki. Bila idhini ya mahakama, haruhusiwi kuuza, kutoa zawadi au kuweka rehani ardhi au nyumba ya mgonjwa, wala kuikodisha kwa zaidi ya miaka 5. Ndani ya miezi 6 tangu kuteuliwa, hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma. Baadaye hutoa hesabu kila mwaka. Akienda kinyume, mahakama yaweza kumwondoa.

Utaratibu huu usichanganywe na mirathi, ambayo huhusu mali ya marehemu. Aidha, hati ya kawaida ya uwakilishi, iliyotiwa sahihi mtu akiwa na akili timamu, hupoteza nguvu pindi anapopoteza uwezo wa kuamua. Anayeendelea kuitumia hujiingiza katika mgogoro.

Mwaka 2008, Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara yake ya 12 inatambua kwamba watu hao ni sawa na wengine mbele ya sheria. Kwa hiyo, anayeweza kuamua akielezwa kwa lugha anayoifahamu na kupewa muda, asaidiwe kuamua, asiamuliwe.

Wananchi wanaotunza jamaa wa aina hii wanashauriwa kutafuta amri ya mahakama kabla ya kugusa mali, kutenganisha fedha za mgonjwa na zao, na kuhifadhi stakabadhi zote.