Mchezo Uliohama Mezani

Kila mchezo una sheria zake, na mchezo usio na sheria ni fujo tu. Walakini ipo michezo michache ambayo juu ya sheria ina mwamuzi, yaani mtu aliyepewa mamlaka ya kukata neno ambalo sheria haikulitaja. Michezo ya namna hii hufanana na baraza la hukumu zaidi kuliko ifananavyo na bao au karata: sheria imeandikwa kitabuni, lakini uamuzi hutoka katika kinywa cha mtu. Mmojawapo ni mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons, na maana ya jina hilo ni mashimo ya chini ya ardhi na majoka. Mwaka 1988 mchezo huo ulihamishwa kutoka mezani ukatiwa katika kompyuta kwa jina la Pool of Radiance, yaani Dimbwi la Mng'aro. Sheria zake nyingi zilihama. Mwamuzi hakuhama. Habari ya kuhama huko yastahili kusimuliwa, kwa kuwa ndani yake limo swali lisilohusu michezo peke yake: mtu akiondolewa katika kazi ya kuamua, na kitabu chake kikaachwa mahali pake, hubaki nini?

Asili ya mwamuzi huyo ni ya kijeshi. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na baba yake, alitoa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Maofisa wa pande mbili waliandika amri zao wakampa mwamuzi. Naye alipiga dadu, akatazama majedwali, kisha akatangaza nani amesonga mbele na nani amerudi nyuma. Majedwali yalikuwa mengi na mchezo ukawa mzito. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Vita, alishauri majedwali yaachwe na mwamuzi aamue kwa ujuzi wake mwenyewe wa vita. Hivyo ubishi baina ya kitabu na mtu ulikuwapo miaka karibu mia kabla ya majoka kuingia mchezoni. Mmoja aliamini hesabu, mwingine aliamini busara, na kila mmoja alikuwa na hoja yake.

Ubishi huo ulivuka bahari. Katika majimbo ya Wisconsin na Minnesota, huko Marekani, walikuwapo watu waliopenda kuchezesha vita kwa sanamu ndogo za askari. Mwaka 1971 Gary Gygax, mkazi wa mji mdogo wa Lake Geneva, alitoa pamoja na Jeff Perren kitabu cha sheria kiitwacho Chainmail. Kilihusu vita vya zama za kati, lakini kiliongezewa sehemu yenye wachawi na majoka. Dave Arneson wa Minnesota alizitumia sheria hizo kwa namna mpya katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Badala ya kila mchezaji kuongoza jeshi, kila mmoja aliongoza mtu mmoja tu, akashuka naye katika mashimo yaliyo chini ya ngome. Kutokana na kazi ya watu hao wawili, Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR, ambayo Gygax alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Chapa ya kwanza ilikuwa ya masanduku 1,000, na katika kila sanduku mlikuwa na vijitabu 3.

Mchezo wenyewe huenda hivi. Kila mchezaji hupiga dadu ili kujua kiasi cha nguvu, akili, hekima, wepesi, ustahimilivu na haiba ya mtu wake. Huchagua kama mtu huyo atakuwa mpiganaji, mchawi, kuhani au mwizi. Mwamuzi ndiye peke yake ajuaye ramani. Huwaeleza wenzake wanachokiona, kisha huwauliza watafanya nini. Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na michezo mingine yote, maana mchezaji anaweza kujibu lolote. Tuseme walinzi watatu wamesimama darajani. Mchezaji mmoja ataka kuwapiga. Wa pili ataka kujifanya mkusanya kodi aliyetumwa na mfalme. Wa tatu ameona mzinga wa nyuki juu ya mti ulio karibu, naye ataka kuutupia jiwe. Kitabu hakina habari za mzinga. Mwamuzi hufikiri kidogo, hukadiria ugumu wa jambo, huamuru dadu ipigwe, na hadithi huendelea kwa njia ambayo hata yeye hakuitazamia. Ni kama bibi asimuliaye hadithi jioni: mjukuu humkatiza kwa swali, naye hulichukua swali hilo akalifanya sehemu ya hadithi yake.

Kompyuta ziliupenda mchezo huu mapema, na upande mmoja wa mapenzi hayo ni rahisi kufahamika. Mchezo ulijaa hesabu, na hesabu ndiyo kazi ya kompyuta. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya vijitabu vile kutoka, mmojawapo wa michezo ya kwanza ya kuuiga ulitungwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, kwenye mtambo ulioitwa PLATO, uliowekwa kwa ajili ya kufundishia. Mtungaji aliupa jina la pedit5, jina la faili ambalo halikuonyesha kuwa ndani yake mna mchezo. Hila hiyo haikudumu: wasimamizi waliufuta. Lakini wengine walitunga mingine, na mwaka 1981 michezo ya Wizardry na Ultima ilikuwa ikiuzwa kwa watu wenye kompyuta majumbani. Yote hiyo ilikopa kutoka katika vijitabu vya Lake Geneva. Mwenye mali hakuwa ametoa idhini yake.

Idhini ilitolewa mwaka 1987. Kampuni kadhaa ziliiomba, nyingine kubwa na zenye sifa, lakini TSR iliichagua Strategic Simulations ya California, iliyoanzishwa mwaka 1979 na Joel Billings. Kampuni hiyo ilikuwa imejulikana kwa michezo ya vita. Kwa hiyo waliokabidhiwa urithi wa Reisswitz walikuwa, kwa namna fulani, jamaa zake. Watunzi wa TSR walishiriki katika kubuni hadithi na ramani, na watu wa California waliyatia katika lugha ya mtambo. Hadithi yao ni ya mji wa Phlan, uliovunjwa na majeshi ya mazimwi. Sehemu ndogo ya mji imekwisha kujengwa upya, na baraza la mji linaajiri mashujaa wa kuukomboa mtaa baada ya mtaa. Mchezaji huunda watu 6, hupokea kazi kwa karani wa baraza, na mwishowe hupambana na pepo mwovu Tyranthraxus, aliyejitwalia mwili wa joka la shaba.

Kwa hesabu, kazi ilifanyika vizuri sana. Katika sheria za siku hizo kipimo cha deraya kilikwenda kinyume: kadiri tarakimu ilivyopungua ndivyo kinga ilivyozidi, na wachezaji wengi walisumbuka kutoa na kujumlisha kila upanga ulipoinuliwa. Mtambo ulifanya yote hayo kwa nukta moja wala haukukosea. Haukuchoka usiku, haukumpendelea rafiki, haukumwonea mgeni. Katika mapigano Pool of Radiance ilizifuata sheria za mezani kwa uaminifu kuliko waamuzi wengi walivyozifuata, na wachezaji waliipokea kwa furaha.

Lakini penye maneno mambo yalikuwa mengine. Kundi la mashujaa lilipokutana na viumbe ambao huenda wangekubali mazungumzo, mtambo uliwapa wachezaji njia 5 za kusema: kwa kiburi, kwa hila, kwa upole, kwa unyonge, au kwa matusi. Hawakuchagua maneno, walichagua namna ya kuyasema tu, na maneno yenyewe hayakuandikwa popote. Yafaa kusimama hapa na kutazama jambo hili kwa makini. Mezani ulimi wa mchezaji ulikuwa silaha kubwa kuliko upanga wake, kwa sababu upanga ulikuwa na kipimo kitabuni na ulimi haukuwa nacho. Ndani ya mtambo ulimi nao ulipata kipimo, nao ukawa mdogo kuliko upanga. Mkusanya kodi wa uongo hakuwa na mahali pa kusimama. Mzinga wa nyuki haukuwapo, na kama ungalikuwapo, lile jiwe halikuwapo.

Haikuwa kosa la watungaji, maana nafasi waliyokuwa nayo ilikuwa finyu. Commodore 64, mojawapo ya kompyuta zilizochezewa mchezo huo, ilikuwa na kumbukumbu ya kutosha herufi 65,536 kwa wakati mmoja, na humo zilipaswa kuingia picha, hesabu, ramani na maneno pia. Hata hadithi yenyewe haikuenea. Dawa waliyoipata ni ya kuchekesha na ya kufundisha. Mchezo uliuzwa pamoja na kijitabu chenye vipande vya habari vilivyotiwa nambari: barua, ramani, matangazo ya baraza na porojo za vilabuni. Mchezaji alipofika mahali fulani, mtambo ulimwambia asome kipande cha nambari kadha wa kadha, naye aliiacha kompyuta akashika karatasi. Na ili asiyesubiri asijifaidie kwa kusoma mbele, vipande vya uongo vilichanganywa na vya kweli. Basi mchezo uliotoka kitabuni ulirudi kitabuni kuomba msaada, na ule uongo kidogo, ambao mwamuzi wa mezani angeutia kwa kukonyeza jicho tu, ulibidi kupigwa chapa.

Mwaka ule ule wa 1988 TSR ilitoa kitabu kiitwacho Ruins of Adventure, ambamo magofu yale yale ya Phlan yaliandaliwa kwa kuchezwa mezani mbele ya mwamuzi. Mtu aliyetaka aliweza kuupitia mji mmoja kwa njia mbili. Kwa njia ya mtambo angeona kila mtaa ukiwa na mwisho wake. Kwa njia ya meza angeweza kuacha kazi ya baraza, akafungua duka sokoni, na mwamuzi angelazimika kumtafutia wateja.

Haifai, hata hivyo, kuhukumu upande mmoja. Mchezo wa mezani hutaka wenzi, wakati, na mwamuzi mwenye subira. Na wapo wengi wasiokuwa na kimoja katika vitu hivyo. Kijana aliyekaa peke yake katika mji asikojua mtu aliweza kuingia Phlan usiku wowote na mlango ukafunguliwa. Tena si kila mwamuzi ni mwema. Mamlaka ya kuamua lisiloandikwa ni mamlaka ya kuonea pia, na meza nyingi zimevunjika kwa sababu mwamuzi alipendelea au alijivuna. Mtambo hauna wivu. Anayesifu busara ya mtu hana budi kukumbuka kuwa busara haigawanywi sawa kwa watu wote.

Waliofuata walijaribu kuliziba pengo lile. Baldur's Gate, iliyotoka mwaka 1998, ilitungwa na BioWare ya Edmonton, Kanada, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1995 na madaktari wa tiba. Kiongozi wa utungaji, James Ohlen, alikuwa mwamuzi wa mezani wa miaka mingi, na baadhi ya watu waliomo katika mchezo huo walitoka katika meza yake. Zile namna 5 za kusema zilikwisha. Mahali pake palikuwa na sentensi kamili ambazo mchezaji aliteua mojawapo. Mwaka 2023 Larian ya Ghent, Ubelgiji, ilitoa Baldur's Gate 3. Humo mna sauti ya msimulizi inayomwambia mchezaji yaliyomo moyoni mwake, na dadu yenye nyuso 20 hubingirika mbele ya macho yake kila ajaribupo jambo gumu. Anaweza kupandanisha masanduku akaruka ukuta, au kumsukuma adui gengeni. Desemba ya mwaka huo ulitangazwa kuwa mchezo bora wa mwaka katika tuzo za The Game Awards.

Tazama basi safari hiyo. Mtambo ulianza kwa kujivunia hesabu na kuificha dadu. Baada ya miaka 35 uliifukua dadu na kumtafuta msimulizi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata hivyo msimulizi huyo alikwisha kusema maneno yake kabla ya mchezaji kuketi. Watungaji walitazamia mengi mno, na bidii yao yastahili heshima. Lakini kutazamia si kuamua. Anayetazamia huandaa majibu ya maswali aliyoyafikiri yeye. Anayeamua hulisikiliza swali la mwenzake, ambalo hakulifikiri, akalitolea jibu.

Gygax alifariki mwaka 2008 na Arneson mwaka 2009. Mchezo wao ungali ukichezwa mezani, ingawa mitambo iliyouiga ni mingi na mizuri. Sababu yake haiko katika majoka, maana majoka ya mtambo ni ya kutisha zaidi. Sababu ni kuwa mtu hupenda kushindwa mbele ya aliyemsikiliza kuliko kushinda mbele ya asiyeweza kumsikia. Sheria huweza kuhamishwa, kunakiliwa na kuhifadhiwa, na ni vyema iwe hivyo. Kusikiliza hakuhamishwi; kila mwamuzi hukuanza upya, pale mezani, mwenzake anapofungua kinywa.